Mwaka wa Kalipa Nyekundu

Siku ya kuondoa tanga la Fundi Maganga, nyumbani kwake Itetemia, mtani wake Pazi alitokea nyuma ya nyumba akiwa amevaa ovaroli ya marehemu. Hakuna aliyemuuliza kaipata wapi. Pazi ni Mzaramo aliyekaa Tabora zaidi ya miaka thelathini, na kwa kuwa Fundi Maganga alikuwa Mnyamwezi, ilikuwa haki ya Pazi kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo wake na kumsema vibaya mbele ya wafiwa, nao wafiwa hawakuruhusiwa kukasirika. Wazee wanasema utani huu ulianza zama za misafara, watu walipotoka hapa kwenda pwani na mizigo mabegani, wakalazimika kuzoeana na wenyeji wa njiani kwa matusi kabla ya kuzoeana kwa chakula. Sijui kama ni kweli. Pazi alichechemea kama Fundi, akainama kama mtu anayechungulia chini ya gari, akabana pua: "Mimi ndiye Fundi Lipstiki! Leteni magari niyapake midomo! Kusimama mtasimama wenyewe mkifika korongoni!" Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika. Hata Mama Neema, mjane wake, alificha uso kwenye kanga huku mabega yakimcheza. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia doa jekundu kwenye paja la kulia la ile ovaroli. Naijua rangi ile, naijua siku ilipoingia pale. Najua pia kwamba jina la Lipstiki lilipaswa kuwa langu. Upande wa pili wa turubai alikaa Zuhura, mshonaji, kikombe cha chai katika mkono wa kushoto. Naye hakucheka.

Sasa nina miaka thelathini na moja. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na ishirini na miwili, nimepanga chumba Isevya ndani ya ua uliokuwa na gereji ya Fundi Maganga. Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, zamani stoo ya karanga, na jua lilipopiga bati mchana kuta zilirudisha harufu ya mafuta ya karanga, ikachanganyika na ya tina ya kuchanganyia rangi. Nilikuwa na meza moja, kamba ya kutundikia vitu vilivyopakwa, kompresa ndogo ya mtumba, ya kupulizia rangi, iliyopiga kelele kama mbuzi anayekabwa, na daftari. Hakuna aliyenifundisha rangi. Nilijifunza kwa video za simuni, lugha nisizozielewa, nikitazama mikono tu na kuandika: msasa namba kadhaa, umbali wa kupuliza, dakika za kusubiri. Nilianzia kwenye makopo ya maziwa, nikahamia kwenye matangi ya pikipiki za bodaboda. Nililowesha sakafu kabla ya kupuliza, nikatundika kanga mbichi mlangoni, kwa sababu vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halihitaji ruhusa ya mtu. Chembe moja ya vumbi ikitua kwenye rangi niliikwangua yote na kuanza upya. Tangi moja nililipaka mara tano, mwenyewe akalichukua likiwa na praima tupu, ile rangi ya kwanza ya msingi, akaenda zake akinitukana. Watu waliniita makini. Nimeshawahi kulikubali neno hilo, hata kulitumia kujisifu mbele ya wateja. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Niliamini mtu akiona kasoro moja katika kazi yangu atajua kwamba sikufundishwa na yeyote, na kwamba nimejipa ufundi mwenyewe kama mtu anayejipa cheo.

Fundi Maganga alikuwa kinyume changu. Gereji yake ilikuwa shimo la kuingia chini ya gari, benchi la mbao lenye jiliwa, na ukuta wa spana zilizotundikwa bila mpangilio, lakini mkono wake uliziendea bila macho. Breki ndiyo ilikuwa kazi yake. Malori ya tumbaku yalimjia, mabasi yalimjia, na madereva wa kutoka Nzega na Igunga walisema hawalali vizuri mpaka Maganga awe amekanyaga pedali zao. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi," naye alijibu marahaba kisha akanisalimia tena kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kana kwamba ile ya kwanza haikutosha. Saa nne Mama Neema alikuja na birika la chai na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa kama ngozi, na karanga za kukaanga. Tulikula tumekaa kwenye matairi. Fundi alitafuna upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya jino bovu ambalo hakuwahi kuling'oa, na mkewe alimwambia kila siku, "Unatengeneza breki za watu, jino lako limekushinda." Naye alijibu kila siku, "Jino haliui." Wakati ule sikujua kwamba nilikuwa na furaha. Nilidhani nilikuwa nasubiri kuanza maisha.

Ramadhani alikuja mwezi ambao mahindi yalikuwa yameshavunwa. Alikuwa kijana mfanyabiashara wa asali, aliyesafirisha ndoo hadi Dodoma, na alikuwa ametoka kununua gari la milango miwili, la rangi ya fedha, chini kama mjusi. Barabara zetu za mitaa ya ndani hazikulitaka, alilipitisha pembenipembeni kama mtu aliyevaa viatu vya harusi. Siku ile alilizima uani, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akanyoosha kidole ndani ya rimu.

"Dada Kalunde, unaiona kalipa ile? Ina kutu kama jembe la bibi. Nataka iwe nyekundu. Nyekundu ya damu, siyo nyekundu ya nyanya."

"Za mbele tu?"

"Zote nne. Nikipaki pale stendi, mtu aone kitu ndani."

Kutoka shimoni, chini ya lori, sauti ya Fundi ikatoka bila kichwa. "Ukizipaka, gari litasimama mapema?"

"Fundi nawe! Breki nyekundu zinashika. Umeona wapi gari la mashindano lina kalipa za kutu?"

"Gari la mashindano lina kalipa kubwa kama kichwa cha mbuzi. Hiyo yako ni ya kwendea harusini."

"Na ndiko naenda! Binamu yangu anaoa Singida, wiki mbili zijazo."

Madereva wawili waliokuwa wakingoja zamu yao waliingilia kati. Mmoja alidai nyekundu hutoa joto haraka, mwingine akasema ni nyeusi ndiyo hutoa joto, sufuria jeusi huchemka mapema, wa kwanza akamwuliza sasa kuchemka mapema ndiyo kutoa joto au kuingiza? Wakabishana mpaka chai ikapoa. Fundi akatoka shimoni, akajifuta mikono, akasema diski haijui rangi, inajua pedi na mafuta tu. Kisha akanigeukia mimi, akasema jambo ambalo nimelikumbuka kwa miaka tisa neno kwa neno: "Paka, binti. Ila pale pedi inapokaa, acha chuma."

Kwa asiyejua: kalipa ni kile chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu. Ndani yake zinakaa pedi mbili, huku na huku, na dereva akikanyaga breki zinaibana diski. Akiachia, zinarudi nyuma kidogo. Zinarudi kwa sababu masikio ya pedi yanateleza kwenye vijia viwili vya chuma kitupu, na vijia hivyo vina nafasi ya unene wa kucha tu. Rimu ikishafungwa vijia havionekani. Hata rimu ikitolewa havionekani, kwa kuwa pedi zimevifunika. Mtu pekee anayeviona ni fundi, na fundi mwenyewe haviangalii, anavipapasa.

Fundi alizifungua kalipa zote nne, akaziba mipira ya mafuta, akaniletea kwenye beseni. Nilizifanyia kazi siku sita. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikaziosha, nikapiga msasa, nikabandika karatasi ya gundi kwenye vile vijia kama video ilivyoonyesha na kama Fundi alivyosema. Nilipuliza praima, kisha nyekundu, rangi ya kopo ya kustahimili joto niliyoagiza kutoka Mwanza. Kopo lilisema rangi hii haikomai mpaka iokwe, na mimi sikuwa na tanuri. Niliazima sufuria kubwa la pilau la Mama Neema, nikaweka mchanga chini, nikatundika kalipa ndani kwa waya, nikafunika na kupalia mkaa juu ya kifuniko, kama tunavyooka keki. Mama Neema alipita akanusa. "Keki gani hiyo, mwanangu, inanuka kama basi?" Nikamwambia ni ya harusi ya Singida. Alicheka, na sufuria lile hakulipikia tena chakula.

Zilipopoa nilibandua ile karatasi ya gundi, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Pale karatasi ilipoishia, rangi ilikuwa imeacha ukingo uliochanika. Sehemu nyingine ulikuwa umenyooka, sehemu nyingine umeng'oka kidogo kama ukucha uliong'atwa, na nyuma yake chuma cha kijivu chenye mikwaruzo. Kila nilipoigeuza kalipa jicho langu lilikwenda pale. Nilijaribu kunyoosha ukingo kwa wembe, ukazidi kuchanika. Nilijua pale hapataonekana. Nilijua pia nilichoambiwa. Lakini niliona aibu, aibu halisi, ya kumkabidhi mtu kitu ambacho ndani yake hakijaisha. Nikajiambia tabaka moja jepesi halina unene. Nikapaka. Halikukaa sawa, nikaongeza la pili. Nikazioka tena zote nne, nikazitundika kwenye kamba, na ziling'aa pande zote, nje na ndani, hakuna mahali ambapo jicho lingekwama. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitaki kudanganya kuhusu hilo. Nilizitazama muda mrefu.

Fundi alizifunga siku iliyofuata. Nilikuwa chumbani, mlango wazi, nasafisha bomba la kupulizia. Nilimsikia akiguna, "Mbona zimekaza?" Ramadhani akamjibu, "Pedi ni mpya, Fundi, ndiyo maana." Kisha nikasikia nyundo. Ndogo, ya kugongagonga: ta, ta, ta. Akahamia gurudumu la pili. Ta, ta, ta. Mimi nilijua kwa nini zimekaza. Katika ua ule nilikuwa mtu pekee aliyejua. Ningetoka na kusema, ingebidi zifunguliwe, zikwanguliwe, rangi ingechubuka hadi nje, na mbele ya Ramadhani na wale madereva wawili, waliokuwa wakingoja tena, ingejulikana kwamba nimeambiwa nikakaidi. Niliendelea kusafisha bomba. Lilikuwa limeshakuwa safi.

Ramadhani alipofurahi vya kutosha, akizunguka gari na kupiga picha kila gurudumu, aliniuliza kama kuna masharti. Nikamwambia kwa lugha ya kitaalamu niliyoiokota simuni kwamba siku za mwanzo akisikia harufu asishtuke, ni rangi inaiva kwa joto la breki. Hilo lilikuwa kweli kwa rangi iliyopakwa vizuri.

Yaliyotokea sikuyaona, niliyasikia uani kwa vipande. Walikwenda Singida watu watatu: Ramadhani, rafiki yake, na Zuhura, dada yake Ramadhani, aliyekuwa na cherehani mbili mtaa wa Cheyo na aliyeshona nguo za maharusi wote. Njiani kwenda gari lilikuwa zito na likanywa mafuta kuliko kawaida. Walipofika, magurudumu ya mbele yalinuka. Rafiki alisema yakaangaliwe. Ramadhani alisema hapana, dada Kalunde kaniambia ni rangi inaiva. Walicheza harusi, wakalala, wakarudi. Pedi hazikuwa zinarudi nyuma, zilikuwa zimeng'ang'ania diski tangu Tabora, na mafuta ya breki yalikuwa yanachemka polepole kama maharage. Katika mteremko wa Sekenke, ule wa kushukia Igunga, Ramadhani alikanyaga pedali ikazama hadi chini, kana kwamba amekanyaga mto wa kulalia. Alipunguza gia, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama kwa ubavu. Hakuna aliyekufa. Zuhura alikuwa amenyoosha mkono wa kulia kujikinga, kifundo kikavunjika mahali pawili.

Gari lililetwa juu ya lori. Fundi hakusubiri kuambiwa. Alilipandisha kwenye jeki, akatoa kalipa ya mbele, akajaribu kuchomoa pedi kwa mkono, ikagoma. Akaichomoa kwa bisibisi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Aliitazama ile kalipa kwa muda ambao mtu anasoma barua fupi mara mbili, kisha akaifunga kwenye jiliwa, akachukua tupa, akaanza kukwangua vile vijia. Unga mwekundu ulidondoka kwenye benchi. Alikuwa akifuta tupa kwenye paja lake la kulia. Hakugeuka. "Funga mlango," aliniambia, "vumbi litaingia kwenye rangi yako."

Alizikwangua zote nne. Ramadhani alipokuja saa kumi, paji la uso likiwa na plasta, vijia vilikuwa chuma kitupu na unga umefagiwa. Alipiga kelele mpaka watoto wakakusanyika getini. Fundi alimwacha amalize, kisha akasema: "Nilifunga mimi. Breki ni ya aliyeifunga." Ramadhani akamwuliza ni nini hasa. "Nilizifunga zimekaza. Nilizipiga nyundo." Madereva wawili walikuwepo, wale wale. Mmoja akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Maganga anapiga pedi nyundo?" Mwenzake akajibu, "Umri huo, ndugu yangu. Na kupaka magari lipstiki." Walicheka kidogo, wakaondoka, na hawakurudi. Mimi nilikuwa hatua saba kutoka pale, nimeshika kitambaa. Nilisubiri mtu anitazame. Hakuna aliyenitazama.

Nilikwenda kwake baada ya siku tatu, muda wa chai. Mama Neema alikuwa amekwenda shambani, bakuli lilikuwa limefunikwa kwa kawa juu ya tairi. Nikasema, "Fundi, nilipaka ndani. Uliniambia nisipake." Alikuwa anatafuna. Alimaliza. "Najua."

"Kwa nini hukumwambia Ramadhani?"

"Nimwambie nini? Pedi haipigwi nyundo. Hilo nilifundishwa kabla mama yako hajaolewa. Ikikaza, unatoa, unaangalia. Mimi nilikuwa na lori la watu linasubiri, nikapiga." Akasogeza bakuli upande wangu. "Wewe ulipaka. Mimi nilipiga. Nani alifunga?"

"Wewe."

"Basi. Kula."

Nilikula. Nasema hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko rangi yenyewe: nilipata nafuu, nikala vizuri. Alikuwa amenipa hoja, na hoja ilikuwa ya kweli, nami niliishi ndani yake miaka tisa kama mtu aliyehamia nyumba ya mwingine na kubadilisha kitasa. Kila nilipomkumbuka Zuhura nilijiambia pedi haipigwi nyundo. Kuhusu nyundo nilizozisikia nikanyamaza, sikumwambia Fundi siku ile. Hakujua kwamba nilisikia. Au alijua, hakuona haja.

Mwaka ule ulimalizika hivi. Jina la Lipstiki lilipita gereji kwa gereji mpaka Nzega, na malori yakahamia kwingine. Kabla ya mvua kuanza Fundi alikuwa ameuza jeki kubwa, anatengeneza breki za bodaboda na baiskeli chini ya bati la kuegesha kule Cheyo, na akiulizwa alisema magari yamemchosha mgongo. Mimi, kwa upande wangu, nilipata wateja. Picha za Ramadhani zilikuwa zimezagaa kwenye simu za vijana kabla ya safari ya Singida, na hakuna aliyehusisha rangi na ajali, kwa kuwa fundi mwenyewe alikuwa amekiri. Walikuja na magari ya kila namna, wengine na magari ambayo hayawezi kufika mwendo wa kutisha hata kuku. Niliwapakia. Kila mara nilifunika vijia kwa karatasi, na kila mara ukingo ulichanika, na niliuacha umechanika. Nilifikiri hayo ndiyo yalikuwa malipo. Zuhura aliondolewa plasta ya mkono, kifundo hakikurudi kukunja. Aliuza cherehani moja, akaajiri msichana wa kukata vitambaa, yeye akabaki kuelekeza. Nilikuwa nikimwona sokoni nikabadilisha njia.

Ndiyo maana pale Itetemia, Pazi alipoigiza nyundo, akigonga sufuria kwa mwiko, ta, ta, ta, nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Mtani, umekosea. Rangi ile niliipaka mimi. Niliambiwa nisipake ndani, nikapaka. Na zilipopigwa nyundo nilisikia, nikanyamaza."

Pazi alinitazama, mwiko juu. Ni mtu mwepesi, hakuruhusu kimya kikae. "Haya! Lipstiki kumbe ana mke wa pili!" Watu wakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Mmoja akapiga vigelegele. Walidhani nimeingia kwenye mchezo, na labda hiyo ndiyo kazi ya utani, kwamba mtu anaweza kusema jambo la kweli kabisa msibani na lisimvunje mtu yeyote. Nilikaa. Mama Neema alinigusa goti, akasema bila kugeuza kichwa, "Aliniambia siku ile ile, mwanangu. Alinikataza nisikuulize kuhusu sufuria langu." Kisha akainuka kuangalia wali.

Zuhura alikuja kukaa mahali alipoinuka Mama Neema. Aliweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliulaza mapajani, umenyooka, kama mtoto aliyelala. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Ndani wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwa vidole: hapa pedi inakaa, hapa inateleza, huku na huku.

"Panaonekana?"

"Hapaonekani."

"Hata ukitoa tairi?"

"Hata ukitoa tairi."

Alifikiri. Pazi alikuwa ameshahamia kwenye jino la marehemu, anatafuna upande mmoja, watu wanacheka tena. "Sasa ulikuwa unampakia nani?" akasema Zuhura. Haikuwa kwa hasira. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Sikuweza kuiacha vile," nikasema. "Ukingo ulikuwa umechanika."

Alitikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ukilegea, si kwa msamaha, nadhani, bali kwa kutambua kitu anachokijua. "Mimi nilikuwa napiga pasi mishono ya ndani," akasema. "Kwa ndani kabisa, chini ya bitana, mahali ambapo bibi harusi mwenyewe hapajui. Mteja anangoja mlangoni, mimi napiga pasi." Akauinua mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akaugeuza, akaurudisha mapajani. "Lakini gauni halishuki Sekenke, Kalunde."

"Ndiyo, dada."

"Ungesema siku ile ya nyundo."

"Ndiyo."

Wali ulipoletwa kwenye sinia, alijisogeza kunipa nafasi. Kipande cha nyama kilikuwa kikubwa na kigumu, na kwa mkono mmoja asingeweza kukigawa. Alikitazama, kisha akanitazama mimi, akangoja. Nikanawa upya, nikakichana vipande vidogo, nikaviweka upande wake. Havikuwa sawa. Kimoja kilikuwa na mfupa, kingine kilichanika vibaya. Niliviacha hivyo, akala.